Mamlaka yapi, ya saruji?

Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai walimu wakipewa mamlaka zaidi ya kuendesha shule za umma, maamuzi yatakuwa ya haraka na yatamgusa mtoto. Nimekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa Tanzania miaka sita kabla ya kustaafu, na kwenye karatasi mamlaka hayo nilikuwa nayo: katibu wa kamati ya shule nilikuwa mimi, na tangu 2016 fedha za elimu bila ada zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Ila zinakuja zimeshagawanywa, hiki cha mitihani, hiki cha ukarabati, hiki cha utawala. Ruzuku yenyewe ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo zilikuwa zinabaki juu, serikalini, kwa ajili ya vitabu. Mwalimu wangu pekee wa hisabati alipohamishwa, nililetewa barua tu, sikuulizwa. Lakini ukija ujenzi wa madarasa, hapo mamlaka yote yanakushukia ghafla: saruji, nondo, kugombana na fundi, na hoja za mkaguzi wa hesabu ni zako, huku darasa la tano limekaa bila mwalimu. Na hapo nazungumzia mkuu. Mwalimu wa kawaida hata bajeti haioni. Wenzetu wa Kenya, sheria yenu ya elimu ya msingi ya 2013 inawapa walimu kiti kimoja kwenye bodi ya usimamizi ya shule. Huyo mwakilishi anasikilizwa kweli, au anakwenda kunywa chai tu?