Contur na wanaoiita njia ya mkato

Wapo walimu wa fizikia hapa Mombasa wasiotaka kusikia habari za programu kama Contur, inayolinganisha nadharia mpya za chembe na vipimo vilivyokwisha chapishwa; wanaiita njia ya mkato. Kijana wa Tudor, wanasema, hajawahi hata kukiona kigunduzi cha ATLAS kule LHC, mashine kubwa ya CERN inayogonganisha protoni. Atahukumuje nadharia kwa laptopu?

Hofu hiyo ina msingi, ila nadhani wanailaumu programu kwa kazi isiyoifanya. Contur haitafuti chembe mpya. Unaipa modeli yako, yaani nadharia iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta; programu ya Herwig inaigiza migongano ya protoni kama ya LHC, programu nyingine, Rivet, inaichuja kwa masharti yale yale ya vipimo vilivyokwisha chapishwa, kisha unaletewa ramani ya rangi ya thamani mbalimbali za modeli: hapa modeli imekataliwa kwa uhakika wa asilimia 95, hapa bado inapumua. Vipimo vyenyewe vingi vimeshasafishwa athari za kigunduzi, ndiyo maana aliye mbali anaweza kuvitumia. Anachohitaji zaidi ni stima isikatike usiku.

Desemba 2015 ATLAS na wenzao wa CMS, kigunduzi kingine cha LHC, walionyesha nundu kwenye grafu ya jozi za fotoni (chembe za mwanga), karibu na GeV 750 (GeV ni kipimo cha nishati), kana kwamba kuna chembe mpya. Agosti 2016 data mpya ikaifuta. Katikati ya hapo ziliandikwa makala zipatazo 500 za kuieleza. Mia tano, kwa kitu ambacho hakikuwapo! Sisemi zilikuwa ovyo. Ila chembe ukishaizua haikai kwenye nundu yako tu: inayovunjika kuwa fotoni mbili, kwa kawaida itavunjika pia kuwa fotoni na Z (chembe nzito inayojulikana tayari), au Z mbili, na huko watu walishapima. Ukivipitia vipimo hivyo kimoja kimoja kwa mkono utachoka kabla hujamaliza, na aliyechoka huchagua vile visivyomuumiza. Programu haichagui.

Wapinzani wana haki pale penye chembe zinazoishi muda mrefu kabla ya kuvunjika. Vipimo vya kawaida havikuundwa kwa ajili yake, na programu zinazoigiza kigunduzi kutoka nje hukadiria tu. Tena ramani isiyokataa modeli haijaithibitisha; wanafunzi husahau hilo upesi mno.

Basi mwalimu mwenye shaka adai faili la modeli pamoja na mipangilio yote iliyotumika, aiendeshe mwenyewe, ndipo atie saini tasnifu. Programu hizi ni za bure.