Kingatiba ya antibiotiki kwa watoto wote: hoja ya vifo isibebeshwe mzigo wa udumavu

Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa kingatiba ni nini. Kwa miaka mingi wahudumu wamepita mitaani na vidonge vya matende na mabusha: unapimwa kimo, unahesabiwa vidonge, unameza mbele yao, jina linaandikwa daftarini. Mgonjwa na mzima wote wanameza. Katika afya ya watoto kuna hoja kwamba utaratibu wa namna hiyo utumike kuwapa watoto wote walio chini ya miaka mitano azithromaisini, dawa ileile inayogawiwa kwa ugonjwa wa vikope, mara mbili kwa mwaka, hata kama mtoto hana homa wala hajaharisha. Wanaoitetea mara nyingi hutaja faida mbili kwa pumzi moja: watoto watakufa wachache, na watakua vizuri zaidi. Nadhani faida hizo mbili hazina ushahidi sawa, na kuzichanganya kunatuletea sera mbovu.

Tuanze na vifo, kwa sababu hapo hoja ina nguvu kweli. Utafiti wa MORDOR, uliochapishwa mwaka 2018, ulihusisha jamii 1,533 za Niger, Malawi na Tanzania, na watoto takriban 190,000. Kwetu ulifanyika Kilosa, mkoani Morogoro. Jamii zilizopewa azithromaisini kila baada ya miezi sita kwa miaka miwili zilikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 13.5 kuliko zile zilizopewa dawa bandia, yaani isiyo na tiba ndani yake, kwa ajili ya kulinganisha. Kwa vichanga wa mwezi mmoja hadi mitano, vifo vilipungua kwa karibu robo. Dozi moja ya kunywa, isiyohitaji sindano wala jokofu, na robo ya vifo vya vichanga inaondoka. Anayesema tusubiri kwanza maji ya bomba na hospitali zikamilike ana deni la kumjibu mama wa kijijini Niger, ambaye mwanawe hana muda huo.

Lakini wastani huo umeficha tofauti kubwa. Niger vifo vilipungua kwa asilimia 18.1, Malawi 5.7, Kilosa 3.4 tu, na kwa Malawi na Kilosa tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba huenda ni bahati tu. Sababu inaeleweka. Katika jamii za Niger zisizopewa dawa walikuwa wakifa watoto takriban 27 katika kila 1,000 kwa mwaka. Kilosa hawakufika sita. Pasipo na vifo vingi, dawa haina vingi vya kuzuia. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 haupendekezi dawa hii kwa watoto wote kila mahali. Unaruhusu ifikiriwe kwa watoto wa mwezi mmoja hadi 11, katika nchi za kusini mwa Sahara ambako vifo vya wachanga, yaani wasiotimiza mwaka, vinazidi 60, au vya walio chini ya miaka mitano vinazidi 80, kwa kila vizazi hai 1,000. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliikuta Tanzania na 33 na 43. Kwa kipimo hicho hatumo, na ni jambo la kushukuru.

Sasa ukuaji. Kinadharia, hoja inavutia. Mtoto anayetambaa kwenye uwanja ambao choo cha jirani hufurika kila masika anameza vimelea kila siku. Si lazima aharishe. Utumbo wake unabaki na uvimbe wa kudumu, chakula kinapita bila kufyonzwa vizuri, na sehemu ya nguvu inayopatikana inaliwa na mapambano ya mwili. Ukiwaua wale bakteria, uji anaokunywa si utamjenga? Hata wafugaji wetu wa kuku wa kisasa wanajua kwamba antibiotiki kidogo kwenye chakula huongeza uzito. Huko Ulaya mtindo huo ulitumika kwa miongo kadhaa hadi ulipopigwa marufuku mwaka 2006.

Mwaka 2014 kulichapishwa uchambuzi wa majaribio kumi yaliyohusisha watoto wapatao 4,300 katika nchi maskini na za kipato cha kati. Waliopewa antibiotiki waliongezeka uzito kwa takriban gramu 24 zaidi kwa mwezi, na kimo kwa sentimita 0.04 zaidi. Watetezi huutaja sana, na kwa haki. Ila wengi wa watoto wale walikuwa wagonjwa au dhaifu tayari, wakiwemo wenye virusi vya UKIMWI na wenye utapiamlo. Ukimtibu mtoto mgonjwa, anakua. Hilo halithibitishi kwamba ukimpa dawa mtoto mzima wa Kinyerezi ataongezeka kimo.

Jaribio lililonishawishi zaidi lilifanyika kwetu, Haydom mkoani Manyara, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Watoto 1,188 waliandikishwa wangali wachanga. Sehemu yao walipewa azithromaisini wakiwa na miezi 6, 9, 12 na 15, pamoja na dawa nyingine ya vimelea vya tumbo katika dozi mbili za mwisho. Walipofikisha miezi 18 wakapimwa urefu, na hakukuwa na tofauti. Niger nako, watafiti walipopima ukuaji wa watoto katika jamii zilizogawiwa dawa hii, hawakuona nafuu ya maana.

Tunalo na la hapa jijini. Dar es Salaam ilikuwa kituo kimojawapo kati ya nchi saba katika jaribio la ABCD, la watoto wa miezi 2 hadi 23 wenye kuhara na ama upungufu wa maji au utapiamlo. Wote walipata ORS na zinki. Nusu wakaongezewa azithromaisini kwa siku tatu. Kati ya watoto zaidi ya 8,000, vifo ndani ya siku 180 vilikuwa asilimia 0.5 kwa waliopewa na 0.6 kwa wasiopewa, yaani karibu sawa. Kwenye urefu ilionekana nafuu ya 0.03 kwenye kipimo cha urefu kwa umri, kinachomlinganisha mtoto na wenzake wa umri wake. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, hiyo ni chini ya milimita moja. Aliyewahi kushika mtoto kwenye ubao wa kupimia anajua ukweli wa milimita moja: analia, anapinda magoti, mmoja kashika kichwa na mwingine anabana miguu, na ukirudia kipimo unapata namba nyingine. Kwa maelfu ya watoto takwimu zinaweza kuiona tofauti hiyo. Mama yake hataiona.

Watetezi wana jibu moja la kufikirisha: dawa inawaokoa watoto dhaifu zaidi, nao wakibaki hai wanashusha wastani wa kimo, hivyo faida inafichika. Nimelipigia hesabu. Hata Niger, waliookolewa ni kama watoto watano kwa kila 1,000 kwa mwaka. Hata wote wangekuwa wamedumaa vibaya, watano hao hawawezi kuuvuta wastani wa 995 waliobaki kiasi cha kuficha faida yenye uzito.

Upande wa pili wa mizani kuna usugu, yaani bakteria kuizoea dawa hadi isiwaue, na hapa Dar es Salaam ina hali yake ya pekee. Nenda duka la dawa lolote Buguruni au Mbagala jioni. "Dada, mtoto anaharisha tangu jana, nipe ya kuharisha." Anaondoka na chupa ya Flagyl, pengine na amoksilini juu yake, siku ya tatu mtoto kapata nafuu, chupa inawekwa juu ya kabati hadi safari nyingine. ORS na zinki, ambazo ndizo tiba, hazijaulizwa wala hazijatajwa. Watoto wetu wengi tayari wako kwenye mgao wa antibiotiki, ila hauna daftari.

Niger, baada ya miaka miwili ya ugawaji, bakteria wa nimonia wenye usugu kwa kundi hili la dawa walikuwa asilimia 12.3 katika jamii zilizopewa, dhidi ya 2.9 kwingine. Na usugu unaua. Utafiti uliofanyika Muhimbili mwaka 2001 na 2002 kwa watoto wenye maambukizi kwenye damu ulionyesha kwamba mtoto ambaye bakteria wake walikuwa sugu kwa dawa aliyopewa alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Kuongeza usugu huo kwa watoto wote wa jiji ili kupata milimita moja ni biashara ya hasara.

Hata hivyo, siungani na wanaojibu kwa wepesi kwamba vyoo na sabuni vitamaliza udumavu. Majaribio makubwa ya Bangladesh, Kenya na Zimbabwe yalijenga vyoo na kuhimiza kunawa mikono, na urefu wa watoto haukubadilika. Huenda usafi unaotakiwa ni mkubwa zaidi, wa maji ya bomba ndani ya nyumba na majitaka yanayoondoka mtaani, si shimo jipya nyuma ya banda. Kilichosogeza kimo katika majaribio hayohayo ni chakula: ushauri wa ulishaji pamoja na kijiko cha lishe yenye mafuta, protini na madini kila siku kuanzia miezi sita. Nafuu ilikuwa kati ya 0.13 na 0.25 kwenye kipimo kilekile, mara nne hadi nane ya ile ya azithromaisini, na bila kuzalisha usugu. Nayo pia haimalizi tatizo. Iringa, mkoa wa mahindi, ulikuwa na udumavu wa asilimia 57 mwaka 2022 wakati taifa lilikuwa na 30, na hilo linatuambia kwamba ghala lililojaa si sawa na bakuli la mtoto lenye dagaa, maharage na yai.

Kwa hiyo nikiulizwa kuhusu Dar es Salaam, nasema hapana: si kwa ukuaji, na si kwa vifo kwa viwango tulivyonavyo. Fedha na wahudumu wa kampeni ya namna hiyo vielekezwe kliniki, mtoto apimwe urefu na si uzito peke yake, na zinki isikosekane zahanati. Lakini kama takwimu zitaonyesha kata au wilaya yoyote nchini ambako vifo vya wachanga vimevuka 60 kwa kila vizazi hai 1,000, msimamo wangu hapo ni tofauti kabisa: dawa ipelekwe, usugu upimwe kila mwaka kuanzia dozi ya kwanza, na tarehe ya kusitisha iandikwe kabla ya kuanza. Na wazazi waambiwe wazi kwamba dozi hiyo ni ya kumlinda mtoto asife, si ya kumfanya akue.