Kijapani cha kila siku au cha Jumapili?

Wanaojifunza Kijapani huku wakifanya kazi Nakuru au Kisumu wana kambi mbili. Ya kwanza hushikilia nusu saa kila siku, mvua inyeshe jua liwake. Ya pili husema nusu saa ya mtu aliyechoka haimfai kitu. Heri saa nne mfululizo Jumapili, akili ikiwa imetulia. Kwa hesabu tupu kambi ya pili iko mbele, maana nusu saa mara siku saba ni saa tatu na nusu tu.

Tuipime safari yenyewe. Kabla JLPT, mtihani wa kimataifa wa kupima Kijapani, haujabadilishwa mwaka 2010, ngazi ya chini kabisa ilikadiriwa kuhitaji saa 150 za masomo, kanji (herufi zenye asili ya Kichina) 100 hivi na maneno 800. Iliyofuata ilihitaji saa 300, kanji 300 na maneno 1,500. Leo hizo zinakaribiana na ngazi ya N5, ya chini kabisa, na N4 inayoifuata. Viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, ambayo Japani iliianzisha Aprili 2019, kwa kawaida hudai N4 au JFT-Basic, mtihani mwingine wa Kijapani cha msingi, na anayetaka kazi ya kuhudumia wazee huongezewa mtihani wa lugha ya kazi hiyo. Kwa nusu saa kila siku, saa 300 ni siku 600, yaani miezi 20. Kwa Jumapili za saa nne ni wiki 75, kama miezi 17. Tofauti si kubwa, na yeyote anayeahidi N4 kwa miezi mitatu kwa mtu mwenye ajira anampotosha.

Lakini saa hizo nne za Jumapili si nne kweli. Neno lililosomwa leo na lisionekane tena hadi wiki ijayo huwa limeshafifia, kwa hiyo sehemu nzuri ya kila Jumapili huishia kufufua ya Jumapili iliyopita. Herufi ndizo huumia zaidi. Hiragana za msingi, herufi za silabi za maneno ya Kijapani, ni 46, na katakana, za maneno ya kigeni, ni 46. Ukijifunza tano kwa siku, zote zinaisha kwa wiki tatu hivi. Ukizimeza zote kwa alasiri mbili, katakana zinazofanana kama シ na ツ, ソ na ン zitakuvuruga kwa miezi, kwa sababu ziliingia kichwani pamoja bila kupewa nafasi ya kutofautishwa.

Kambi ya kila siku nayo ina udhaifu ambao watetezi wake hawapendi kuutaja. Sarufi ya Kijapani haikatiki vipande vidogo. Kitenzi huja mwisho wa sentensi, vijineno kama wa, ga, o na ni ndivyo huonyesha nani kafanya nini, na umbo la -te hubadilika kulingana na kundi la kitenzi. Anayefungua kitabu kwa nusu saa hutumia dakika kumi kukumbuka alipoachia, na akianza kuelewa, muda umekwisha. Hapa Jumapili inashinda bila ubishi.

Udhaifu wa pili ni mrundiko wa kadi za kukariri maneno. Programu ya Anki, inayokuletea kadi hizo kwa marudio, ambayo kwenye simu za Android ni ya bure na hufanya kazi bila bando ukishapakua kadi, huja ikiwa imepangwa kutoa kadi mpya 20 kwa siku. Baada ya wiki chache, kila kadi mpya huvuta marudio kati ya saba na kumi kwa siku. Kadi 20 basi ni marudio 140 hadi 200, na kwa sekunde nane kila moja dakika 19 hadi 27 za ile nusu saa zimekwisha kabla hujagusa sarufi. Ukikosa siku nne kwa sababu ya msiba au kazi za kufunga mwezi, unakuta mamia yanakungoja, na wengi huachia hapo. Mwenye ajira apunguze kadi mpya ziwe tano: marudio 50 hivi, dakika saba, na maneno 1,500 yanaisha kwa siku 300. Mrundiko ukija, weka kadi mpya sifuri, fanya marudio 100 kwa siku hadi yaishe, ndipo uendelee.

Kwa maoni yetu kumbukumbu ni kazi ya kila siku na sarufi ni kazi ya kikao kirefu, na kosa la kambi zote mbili ni kulazimisha chombo kimoja kifanye yote. Dakika 15 za kadi kila siku, pamoja na kikao kimoja cha saa mbili kwa sarufi, kusoma na kusikiliza, ni karibu saa nne kwa wiki zinazofanya kazi kweli.

Kikao hicho si lazima kiwe Jumapili. Kwa mfanyabiashara wa Kibuye, Kisumu, Jumapili ndiyo siku ya soko. Jumanne asubuhi inaweza kumfaa zaidi. Muuguzi wa zamu afunge dakika zake kwenye tukio, si kwenye saa: mara tu baada ya kuamka, awe ameamka alfajiri au jioni. Matatu ya Njoro kuja Nakuru inafaa kwa kadi, ila kwa kusikiliza haifai muziki ukipaa, kwani utofauti wa obasan (shangazi) na obaasan (bibi) ni urefu wa irabu tu na kelele huumeza. Kuandika kanji kwa mkono kunaweza kusubiri, kwa kuwa JLPT ni mtihani wa kuchagua majibu.

JLPT haupimi kuzungumza pia, na hapo ndipo wanaolenga ajira hukwama wanapofika kwenye usaili na mwajiri. Wao watenge dakika 20 za kile kikao kirefu kusoma mazungumzo kwa sauti, kujirekodi kwa simu na kulinganisha na sauti ya kitabu, mlango ukiwa umefungwa.