Kijivu Gani?

Haya, hendo imebaki mkononi tena. Si ya nje, ni ya ndani, mlango wa dereva, Toyota IST. Plastiki imepigwa na jua la Dar es Salaam mpaka imekuwa kashata. Sasa kushuka garini ni kushusha kioo, kutoa mkono nje na kujifungulia kwa nje, mtu mzima na tai shingoni, kama mahabusu anayemsaidia askari kazi.

Nenda maduka ya Gerezani, wanasema, spea zote zipo. Zipo kweli. Unaingia dukani na heshima zako.

"Karibu bosi."

"Naomba hendo ya ndani ya IST, mbele kulia."

"Rangi?"

"Kijivu."

"Kijivu gani?"

Kijana anamwaga boksi zima kaunta. Kuna kijivu cha majivu ya mkaa, kijivu cha wingu la masika, kijivu cha panya wa sokoni, na kimoja ambacho ni cheupe kilichokosa kuoshwa. Unapambanisha na kipande chako. Ya kwanza, wapi. Ya pili, wapi. Ya tatu hiyo hapo, pacha kabisa! Ya kushoto.

Basi unakohoa kisomi. "Samahani kaka, ngoja nikupe kodi ya rangi."

Duka zima kimya. Dogo aliyekuwa akifunga shokapu kwa gazeti anainua kichwa.

"Rangi nayo imewekewa kodi?"

"Si kodi hiyo. Kodi ya kwenye kibao."

"Mashine ya risiti tunayo bosi, ila leo mtandao unasumbua."

"Kaka, sijatumwa na mtu! Nasema namba ya rangi!"

"Aaa, namba! Si ungesema. Namba ya gari lako ngapi?"

Hebu tuelewane, maana hili jambo si uchawi. Fungua boneti, tazama ule ukuta kati ya injini na kabini, kuna kibao cha bati. Toyota nyingine wamekibandika kwenye nguzo ya mlango, unakiona ukiufungua. Ndiyo, mlango uleule usiofunguka. Kipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, msasa usiguse, maandishi yataondoka na kutu. Kama fundi wa rangi alikipulizia na chenyewe, pole sana.

Tafuta mstari wa COLOR/TRIM, mahali pengine wamefupisha C/TR. Utakuta kwa mfano 1F7 halafu FB13. Hiyo 1F7 ni silva ya bodi, achana nayo, hata kama gari limeshapigwa rangi nyekundu. Yako ni FB13. F ni kitambaa, ingekuwa L ni ngozi. Tarakimu ya kwanza ndiyo jamii ya rangi: 1 kijivu, 2 nyeusi, 4 ile tunayoiita maziwa. Usikague viti, viti vyetu vimevishwa kava tangu bandarini, hakuna aliyewahi kuviona. Nissan wao, sehemu ya ndani, wanaandika herufi moja tu, G kwa mfano, basi, ujijue.

Ukishafurahi, ujue bado. FB13 ni ya kabini nzima, na kabini hiyohiyo inaweza kuwa na dashibodi nyeusi juu, kijivu chini, na nguzo za rangi ya tatu. Rangi ya hendo inapatikana kwenye katalogi ya spea, kwa namba ya chesisi pamoja na hiyo FB13. Namba ya spea inaanza na 69205 kama ni kulia, 69206 kushoto, zinafuata tarakimu tano, halafu mbili za mwisho peke yake: B0, B1, C0. Za B ni jamii ya kijivu, za C nyeusi. Hizo mbili ukizisahau, umecheza bahati nasibu.

Na hapo kwenye chesisi, tovuti ya katalogi inataka herufi na tarakimu 17. Gari la soko la Japani lina NCP60, kistari, na tarakimu saba. Jumla 12! Unaandika, inakataa. Unaandika tena, inakwambia namba si sahihi, kana kwamba gari umeliota. Tafuta katalogi yenye sehemu ya magari ya Japani, uache kugombana na simu.

Tena ikija sahihi kabisa bado haitafanana, kwa sababu iliyobaki mlango wa pili imebabuka na jua. Rangi ya kiwandani iko mgongoni mwa hendo, upande uliojificha, linganisha hapo. Agiza mbili, kulia na kushoto, zizeeke pamoja kama wanandoa.

Mweleze yote haya muuzaji. Atakusikiliza, atatikisa kichwa kwa huruma, kisha atasema, "Bosi, chukua hii nyeusi. Nyeusi inakubali na kila kitu."

Nyeusi inakubali na kila kitu! Kwani tunanunua viatu?

Na yule dada wa Kijapani anayesema humo garini naye, kila ukiwasha gari anaanza. Miaka yote anadai kadi ya kulipia barabara za kwao. Dada, hapa ni Buguruni, kadi hatuna. Wewe ndiye umo humo ndani siku zote, si ungetusaidia basi hata kutwambia hicho kijivu kinaitwaje?