Dawa kuwepo stoo sio kwamba nchi iko tayari

Kila nikisoma tathmini za kuangalia kama nchi fulani iko tayari kuendesha yenyewe huduma za VVU bila wafadhili nakutana na maswali yaleyale. Mpango mkakati upo? Mwongozo wa tiba unaendana na wa Shirika la Afya Duniani (WHO)? Bajeti ina fungu la ARV, yaani dawa za VVU? Yakijibiwa ndiyo, nchi inapewa alama nzuri na kazi imeisha. Mimi nasema hayo yote yanaweza kuwepo na bado mgonjwa akapotea bila mtu kujua.

Swali ambalo ningeanza nalo mimi ni hili: mtu asipokuja kuchukua dawa tarehe yake, nani anagundua, baada ya siku ngapi, anamtafuta kwa nauli ya nani, na huyo anayemtafuta analipwa na nani? Maana mtu akiacha ARV virusi vinapanda tena ndani ya wiki chache tu, kwa hiyo hapo hakuna cha kusubiri ripoti ya robo mwaka.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90 tuliona wenyewe. Baadae kidogo wakaruhusu huduma za kuokoa maisha ziendelee, lakini sehemu nyingi watu walishaambiwa wasije kazini, yaani dawa ziko stoo ila mshauri hayupo, karani wa takwimu hayupo, mwelimishaji rika hayupo, hao wote walikuwa kwenye mikataba ya miradi na sio kwenye ajira ya serikali. Chukua Afrika Kusini, nchi inayojilipia yenyewe sehemu kubwa ya huduma zake za VVU na dawa inanunua kwa hela yake, mchango wa PEPFAR, yaani mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, pale ulikuwa karibu asilimia 17 tu. Ukiangalia asilimia hiyo unasema hawa hawana shida, kumbe hela hiyo ndo ilikuwa inalipa maelfu ya washauri na watu wa kufuatilia wagonjwa, na ilipokatika pengo lilionekana haraka sana. Asilimia ya bajeti haikwambii kipande kipi kikitoka mnyororo unakatika.

Dawa zenyewe kwa kweli zimeshuka bei kuliko wengi wanavyodhani. Kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegravir, dawa ya ARV inayotumika zaidi siku hizi, Global Fund (mfuko wa kimataifa wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria) inakipata kwa chini ya dola 45 kwa mtu kwa mwaka mzima, kwa hiyo wanasiasa wakisimama kusema tumetenga hela ya dawa nafurahi, lakini hicho ndo kipande rahisi kuliko vyote.

Kipande kigumu kiko maabara na barabarani. Mashine ya kupima wingi wa virusi inaweza kuwa imekaa pale inang'aa lakini vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vimeisha, au mkataba wa matengenezo ulikuwa wa mfadhili, au pikipiki iliyokuwa inabeba sampuli kutoka zahanati za mbali haina tena mafuta. Na kwa watoto ndo inaniuma zaidi, mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU anatakiwa apimwe akiwa na wiki sita hivi, na aliyeambukizwa asipopata dawa uwezekano wa kufa kabla ya miaka miwili ni karibu nusu, sasa majibu yakikaa miezi mitatu njiani huyo mtoto tumemsaidia nini?

Halafu takwimu. Server ni ya nani, nani ana password, siku mradi ukifungwa mafaili ya wagonjwa yanabaki wapi? Haya maswali yanaonekana madogo mpaka siku muuguzi anafungua kompyuta asubuhi na hakuna kitu.

Ningekuwa na uwezo ningesema tathmini ifanywe kwa vitendo. Chagueni wilaya kadhaa, za mjini na za pembezoni kabisa, serikali iendeshe kila kitu kwa hela yake na watu wake kwa miezi sita wakati mfadhili bado yupo pembeni, afu mhesabu wangapi wamebaki kwenye dawa, wangapi wamepimwa wingi wa virusi na majibu yamerudi kwa muda gani, na wangapi waliopotea wametafutwa wakapatikana. Ikikwama, mnarekebisha kabla mtu hajaumia. Na msiwaweke pembeni watu wanaoishi na VVU wenyewe, wao wanajua kliniki gani inawapa dawa za wiki mbili badala ya miezi mitatu, jambo ambalo kwenye fomu ya wizara huwezi kulikuta.

Serikali za Afrika ziliahidi kwenye mkutano wa Abuja, Nigeria, mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya na nyingi hazijafika, hilo linajulikana na lazima tuendelee kulisema. Ila hata kabla ya kufika huko wizara inaweza kuanza na kitu kimoja, ichukue orodha ya kada zote zinazolipwa na miradi, iziingize kwenye muundo wa utumishi na kuanza kuzihamisha kidogo kidogo kila mwaka wa fedha, na ianze na wale wanaoenda majumbani kutafuta waliokosa dawa, kwa sababu hao ndo huwa wa kwanza kukatwa.