Hakuna aliyetuuliza usiku unaendaje

Baba mkubwa alivua dagaa kwa zaidi ya miaka thelathini. Enzi zake walitoka Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kule Kigoma, jioni na karabai, siku hizi vijana wanatumia taa za betri, ila kazi ni ileile: giza likiingia unawasha taa, dagaa wanaifuata, alfajiri unarudi, mchana unalala. Kwa hiyo alipopata kiharusi, akaanza kukesha usiku na kusinzia kutwa barazani, ukoo mzima ulikuwa na jibu mkononi: "Mazoea ya ziwani hayo, mwacheni."

Tulimwacha miezi minne. Hasira ya miezi hiyo naanza nayo kwangu mwenyewe, maana mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kliniki.

Na jibu letu wala halikuwa na mantiki. Mtu yeyote wa Ujiji anajua kwamba mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa ya mvuvi. Siku hizo watu wanapumzika, wanashona nyavu. Baba mkubwa naye alikuwa akilala usiku kama sisi sote, tena usingizi wa kumwagiwa maji. Halafu alikuwa ameshaacha ziwa miaka sita kabla ya kuugua. Mazoea gani hayo yanayolala miaka sita ndipo yaamke?

Kiharusi chenyewe kilimkuta usingizini. Alilala mzima, adhana ya alfajiri mama mkubwa anamtikisa, mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia hauinuki. Hospitalini swali la kwanza lilikuwa: ilianza saa ngapi? Tukatazamana. Baadaye ndiyo nikaelewa kwa nini waliuliza. Kama ni damu iliyoganda imeziba mshipa wa ubongo, ipo dawa ya kuiyeyusha, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kichwa kupigwa picha kuhakikisha kwamba si mshipa uliopasuka. Aliyelala saa tatu usiku na kuamka hivyo saa kumi na moja, saa zake utazihesabu kuanzia wapi? Na hawa si wachache: karibu mgonjwa mmoja kati ya watano wa kiharusi huamka nacho.

Basi tukarudi nyumbani tukaanza kuuguza. Sisi tunauguza kinachoonekana. Mkono tuliukanda kwa mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, asubuhi na jioni, mguu tuliunyoosha, mdomo kila mgeni aliyeingia aliukagua na kutoa ripoti. Kliniki nako hivyohivyo: presha ngapi, sukari ngapi, anameza vizuri, mkono umefika wapi. Sikumbuki hata mara moja mtu aliyeuliza analalaje. Mimi nami sikusema, nilidhani usingizi si ugonjwa wa kupeleka kwa daktari.

Aliyekuwa na habari zote ni mama mkubwa, na yeye hakuna aliyemuuliza. Jioni moja tunachambua mchele akaniambia, kama anayesimulia jambo dogo tu: "Mwanangu, baba yako anakoroma mpaka bati linaitika, halafu kimya. Hapo nahesabu. Nikifika ishirini namtikisa, anavuta pumzi kama aliyetoka chini ya maji." Alikuwa akihesabu hivyo kila usiku. Jirani alishamwambia ni jinamizi, aweke kisu chini ya mto. Kisu kilikuwepo.

Pumzi kukatika usingizini kwa sekunde kumi tu, kitabibu tayari ni jambo la kuhesabiwa. Mama mkubwa alikuwa anafika ishirini. Misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inaziba, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka na kumwamsha mtu kidogo ili avute hewa, kisha mambo yanaanza upya, pengine mara nyingi kwa saa moja. Asubuhi hakumbuki kitu, anajua tu amechoka. Zaidi ya nusu ya waliopata kiharusi wana tatizo la namna hii. Wengine walikuwa nalo hata kabla, na huenda lilichangia kuwafikisha walipofika, kwa sababu kila pumzi inapokatika presha inapanda, na inapanda usiku ambao ilitakiwa ishuke. Sasa sisi kwetu anayekoroma sana tunasema "kalala fofofo". Siku hizi nikilisikia neno hilo nakaa vibaya.

Kukoroma si yote. Kiharusi kinaweza kuharibu sehemu za ubongo zinazotawala kulala na kuamka zenyewe, mtu akawa na usingizi usioisha au akaukosa kabisa. Bega la upande uliopooza huuma akililalia. Na huzuni: takribani mmoja kati ya watatu hupata sonona baada ya kiharusi, na sonona na usingizi hazikai nyumba moja kwa amani.

Kinachoniuma zaidi ni mazoezi. Saa nne asubuhi, muda wa kumsimamisha atembee, baba mkubwa anasinzia. Tulisema amekata tamaa. Mdogo wangu alisema anadeka. Kumbe ubongo unaojifunza upya kutembea huyashika mafunzo ya mchana wakati wa kulala, na sisi tulikuwa tunamfundisha mtu ambaye kila usiku somo linafutwa. Halafu, kwa nia njema kabisa, ndugu mmoja akaleta vidonge vya usingizi kutoka duka la dawa. Alikunywa siku mbili. Vidonge vya aina ile vinaweza kulegeza koo zaidi, na vinamwangusha mgonjwa anapokwenda chooni gizani. Naviogopa mpaka leo.

Mwishowe nilimrekodi kwa simu, dakika tatu za kukoroma na kimya, nikamwekea daktari asikilize. Hakumaliza hata dakika mbili akaanza kuuliza maswali. Ipo mashine ya kusukuma hewa puani usiku kucha ili koo lisizibe, ndiyo tiba inayojulikana zaidi. Sisi hatukuipata. Tuliyoyaweza yalikuwa madogo: alale ubavu, asilale chali, na mto nyuma ya mgongo umzuie kugeuka; asubuhi akae juani; kusinzia kuishie adhuhuri. Dawa yake ya presha inayokojoza, aliyokuwa akinywa jioni, daktari aliihamishia asubuhi. Hiyo peke yake ilimpunguzia safari tatu za chooni. (Usihamishe ya kwako bila kuuliza.)

Hajapona. Mkono bado mzito. Ila saa nne sasa anakuwa macho, na anagombana na anayemfanyisha mazoezi, jambo ambalo kwa anayemjua ni dalili nzuri.

Mama mkubwa ndiye bado halali. Anasema kelele alishazizoea, kinachomwamsha ni kimya. Juzi alishtuka saa nane usiku, akajikuta ameshahesabu hadi kumi na mbili, kumbe mzee alikuwa macho muda wote, anatazama taa za wavuvi dirishani.

"Unahesabu nini?" akamuuliza.

"Mitumbwi," mama mkubwa akamjibu.