Kozi au mazoezi: fedha za kuwaandaa waokoaji ziende wapi?

Bajeti ya maandalizi ya maafa inapobanwa, kipengele kinachotangulia kukatwa mara nyingi ni mazoezi ya kuigiza. Sababu yake haihitaji kutafutwa mbali. Kozi ya siku tano huacha orodha ya mahudhurio, vyeti na picha ya pamoja, na mkaguzi wa hesabu akija anakuta kitu cha kuhesabu. Zoezi la kuigiza husimamisha kazi kutwa nzima, hufunga barabara, huwalaza watu wazima chini wakiwa wamepakwa rangi nyekundu, na mwisho wake hutoa taarifa inayoeleza kinagaubaga jinsi wakubwa walivyopishana amri na jinsi redio za upande mmoja zilivyoshindwa kuwasiliana na za upande wa pili. Ni vigumu kumwomba mtu alipie aibu yake mwenyewe, na ndiyo maana wengi wameishia kuyaona mazoezi hayo kuwa maigizo ya gharama. Hukumu hiyo, kwa maoni yangu, imekosea mahali pa msingi, ingawa wanaoitoa si watu wa kupuuzwa.

Wanaotaka fedha zielekezwe kwenye kozi wana ushahidi wao. Moto mkubwa ulioteketeza misitu na makazi katika jimbo la California mwaka 1970 ulikusanya vikosi vya idara mbalimbali, kila kimoja kikiwa na istilahi zake, masafa yake ya redio na safu yake ya uongozi. Baada ya janga lile ndipo ulipobuniwa mfumo wa pamoja wa kuongoza tukio, ambao unadai kiongozi wa tukio ajulikane, kila mtu awe na bosi mmoja, na msimamizi mmoja asibebe zaidi ya watu saba hivi. Mambo ya aina hii hayawezi kubuniwa upya katika kila kituo cha zimamoto. Sharti yafundishwe kwa namna moja, kwa watu wengi, na kozi ndiyo njia nyepesi ya kufanya hivyo. Marekani iliufanya mfumo huo kuwa sharti la kupata ruzuku ya serikali kuu katika miaka iliyofuata mashambulizi ya 2001, na masomo yake ya awali hutolewa bure kwa njia ya mtandao. Pia kuna ujuzi ambao kikosi kidogo hakiwezi kujipatia peke yake kwa namna yoyote. Kituo cha mafunzo cha Anniston, Alabama, huwazoeza waokoaji kufanya kazi mbele ya kemikali halisi za sumu, na hakuna mkuu wa kikosi mwenye akili timamu atakayejaribu jambo hilo kwenye uwanja wake wa nyuma.

Mpaka hapo sina ubishi. Ugomvi wangu na kozi unaanzia pale cheti kinapochukuliwa kuwa ni uwezo.

Tuangalie stadi iliyofanyiwa utafiti mwingi kuliko karibu zote katika fani hii, yaani kumfufua mtu ambaye moyo wake umesimama. Ni kazi inayoweza kuelezwa kwa sentensi moja: unakandamiza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiacha kifua kijirudi kikamilifu kila mara. Cheti chake kwa kawaida hudumu miaka 2. Lakini tafiti zimeonyesha tena na tena kwamba ubora wa mikono huanza kushuka ndani ya miezi michache, mara nyingi kati ya miezi 3 na 6, kiasi kwamba mwenye cheti halali kabisa hukandamiza kwa kina kisichotosha huku akiamini anafanya sawasawa. Kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya muda wa cheti, karatasi husema jambo moja na viganja husema jingine. Dawa iliyopatikana haikuwa kozi ndefu zaidi. Ilikuwa ni mazoezi mafupi ya dakika chache, yanayorudiwa kila baada ya miezi kadhaa, kwa kutumia sanamu inayompa mtu jibu papo hapo.

Nimeushikilia mfano huu kwa sababu kukandamiza kifua ni jambo rahisi. Kama mikono inasahau jambo rahisi namna hiyo, tutegemee nini kwa afisa wa maafa ambaye kazi yake ngumu kuliko zote, kuamuru maelfu ya watu wahame makazi yao kwa taarifa nusunusu, humfikia pengine mara moja katika miaka 10? Muuguzi wa chumba cha dharura angalau hupata wagonjwa kila zamu. Afisa huyu hana kitu cha kumnolea makali isipokuwa hali ya kuigiza. Na hapo tunakutana na kichekesho kinachojulikana na kila aliyewahi kuandaa zoezi: cheo kinavyopanda ndivyo mahudhurio yanavyoshuka, na kiti cha mwenye mamlaka ya kutoa amri hukaliwa na msaidizi aliyetumwa kuandika kumbukumbu.

Upande wa pili wa mizani una mifano ambayo haisemwi vya kutosha. Mwaka 1987 wahudumu wa dharura wa Sioux City, katika jimbo la Iowa, walifanya zoezi la kuanguka kwa ndege kubwa ya aina ambayo hata haikuwa ikitumia uwanja wao. Zoezi liliwaonyesha kwamba wangelemewa wakitegemea watu wao peke yao, wakapanua mpango wao ili miji midogo ya jirani nayo iitwe tangu mwanzo. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United namba 232, ikiwa na watu 296 na mitambo yake ya kuongozea imeharibika, ilianguka katika uwanja huohuo, na zaidi ya watu 180 wakaokoka. Haki inadai tuseme pia kwamba bahati ilihusika: hospitali zilikuwa zinabadilishana zamu, hivyo wahudumu wa zamu mbili walikuwapo kwa pamoja, na askari wa akiba wa anga walikuwa kazini uwanjani hapo. Marubani nao walifanya kazi ya ajabu. Lakini bahati ilikuta watu ambao tayari walijua nani asimame wapi.

Mpinzani makini wa mazoezi hatakimbilia hoja ya gharama. Ataitaja Unosumai, mtaa wa mji wa Kamaishi nchini Japani, na ndiko ninakotaka tukae kidogo, kwa sababu sijui mahali pengine ambapo pande zote mbili za suala hili zilipimwa siku moja katika eneo moja.

Tarehe 3 Machi 2011 wakazi wa Unosumai walifanya zoezi la kukimbia tsunami. Tarehe hiyo huadhimishwa kwa sababu tsunami ya mwaka 1933 ilipiga pwani hiyo siku hiyohiyo. Mahali rasmi pa kukimbilia palikuwa juu, kulikokuwa na baridi na mwendo mgumu kwa wazee, na waandaaji walitaka watu wengi wajitokeze. Kwa hiyo wakakubaliana kukusanyika katika kituo cha kujikinga na maafa kilichojengwa tambarare, jengo jipya la ghorofa mbili ambalo lilikusudiwa kuwahifadhi watu baada ya janga, wala halikuwa kimbilio la tsunami. Zoezi likafana. Siku nane baadaye, tarehe 11 Machi, tetemeko kubwa lilipotokea, watu walifanya walichozoea: walikwenda kituoni. Maji yaliingia mpaka ghorofa ya pili, na zaidi ya watu 100 waliokimbilia humo walikufa.

Katika mtaa huohuo, siku hiyohiyo, wanafunzi wa shule ya msingi na ya sekondari ya chini ya Unosumai, takriban 570, waliokoka. Wao walikuwa wamezoezwa kwa miaka kadhaa chini ya mwongozo wa Profesa Toshitaka Katada, ambaye aliwafundisha wasiamini ramani ya hatari, ingawa ramani hiyo ilizionyesha shule zao kuwa nje ya eneo la kufikiwa na maji. Wakubwa walianza kukimbia, wadogo wakawafuata, na baadaye wakubwa wakawashika mikono wadogo. Walipofika mahali palipopangwa waliona ukingo wa mlima ulio nyuma yao umeporomoka. Hawakusubiri, wakasonga mbele, kisha wakapanda tena juu zaidi. Shule zao zilimezwa na maji.

Je, Unosumai ni hoja dhidi ya mazoezi? Wengi huisoma hivyo, na nusu ya kwanza ya kisa inawapa haki. Mimi naiona kuwa ni ushahidi mkali wa nguvu yake. Wale wakazi wa tambarare hawakufa kwa sababu mazoezi hayana athari. Walikufa kwa sababu yana athari kubwa mno, kiasi cha kuwaelekeza watu penye mauti kwa utulivu, na tangazo lililotofautisha aina mbili za vimbilio halikuweza kushindana na njia ambayo miguu ilikuwa imeipita wiki iliyotangulia. Aliyelegeza ukweli wa zoezi ili lihudhuriwe vizuri alikuwa, bila kujua, anaandika amri ya siku ya msiba. Jambo hili linabadilisha kabisa namna ya kuandaa. Zoezi lililorahisishwa ili wageni rasmi wapendezwe, ambamo gari la wagonjwa linasubiri kona ya pili na moto unawashwa mahali kila mtu anapajua, ni la hatari kuliko kutofanya zoezi kabisa, na waandaaji wengi bado hawajakubali hivyo.

Kuna hoja nyingine ya wapinzani ambayo naikubali karibu yote, nayo ni kwamba mazoezi mengi huishia kwenye taarifa. Mwezi Julai 2004, maofisa wa ngazi zote walikusanyika kwa siku tano huko Baton Rouge, Louisiana, kushughulikia kimbunga cha kubuni walichokiita Pam. Katika mchezo huo maji yaliruka kingo za New Orleans na zaidi ya watu milioni 1 wakalazimika kuhama. Iligundulika mapema kwamba watu wengi mjini hawakuwa na magari, na kwamba usafiri wao ulihitaji mpango wa peke yake. Warsha za kufuatilia zikacheleweshwa kwa kukosa fedha, na mpango huo haukuwa umekamilika kimbunga halisi, Katrina, kilipopiga tarehe 29 Agosti 2005 na kuua zaidi ya watu 1,300. Zoezi lilifanya kazi yake: lilitaja tatizo kwa jina, mwaka mzima kabla. Kilichokosekana ni kiasi kidogo cha fedha cha kuwarudisha watu mezani, na kiasi hicho hakikupatikana kwa wakati kwa sababu bajeti ilimhesabu Pam kuwa ni tukio lililokwisha.

Gharama ni suala la kweli. Kikosi cha watu wachache hakiwezi kupeleka zamu nzima uwanjani huku simu za dharura zikiendelea kulia. Lazima jirani aje kushika kituo, na jirani naye ana uhaba wake. Watu huumia mazoezini, hasa kwenye moshi, kamba na maji. Kozi ya mtandaoni haimvunji mtu mguu, tena humfikia afisa aliye mbali ambaye hakuna mtu atakayekwenda kumwandalia chochote. Kwa msingi wa elimu ya awali, kozi zibaki, na ningekuwa wa kwanza kupinga kuzifuta.

Lakini hakuna sababu ya cheti na zoezi kutengana. Timu za kimataifa za uokoaji mijini, zinazoratibiwa chini ya Umoja wa Mataifa kupitia kundi la INSARAG lililoanzishwa mwaka 1991, hazipewi daraja kwa kuhudhuria darasani. Hupimwa kwa zoezi refu la mfululizo, usiku ukiwemo, mbele ya watathmini kutoka nchi nyingine, na hurudia kila baada ya miaka 5. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga nazo hutaka uwanja wa ndege ufanye zoezi kamili la dharura angalau mara moja kila miaka 2 (au 3, likitanguliwa na mfululizo wa majaribio ya sehemu), na mazoezi ya sehemu katikati ili kuthibitisha kwamba kasoro zilizoonekana zimerekebishwa. Kifungu hicho cha mwisho ndicho ninachotaka kukiona katika bajeti za zimamoto, hospitali na ofisi za maafa: fedha za zoezi zisipitishwe bila fungu la marekebisho, na kila kasoro iwe na jina la mhusika na tarehe ya kuimaliza. Kwa mfano, fungu la namna hiyo huko Louisiana lingekuwa la mabasi.

Ofisi isiyo na fedha hata za mafuta inaweza kuanza na orodha ya simu. Siku ambayo haijatangazwa, saa tisa usiku, afisa wa zamu apige kila namba iliyomo kwenye mpango wa dharura na kuandika nani amepokea, nani amehama, namba ipi haipatikani, na nani angechukua nafasi ya mkurugenzi aliye safarini. Orodha iliyosahihishwa ichapwe na kubandikwa kabla zamu haijaisha, na jina la mkurugenzi liwe miongoni mwa yale yatakayopigiwa tena mwezi unaofuata.